Msafiri Asiyeulizwa

Mtu anapofunga safari hujua mambo ambayo mnyama wake hayajui: aendako, sababu ya kwenda, na saa ya kufika. Maarifa hayo peke yake ni nusu ya dawa. Kijana apandaye basi Kisumu kwenda shuleni Nairobi huweza kusumbuliwa na tumbo njia nzima, lakini hujiambia kwamba Nakuru imekwisha pita, Naivasha i karibu, na kwamba kila taabu ina kituo chake cha mwisho. Mbwa aliyefungiwa nyuma ya motokaa hana Nakuru wala Naivasha. Kwake yeye hakuna safari. Kuna sakafu iliyoacha kutulia, harufu ya petroli, mngurumo usiokoma, na tumbo linalopanda na kushuka. Hajui kama jambo hilo litakwisha. Hakuulizwa kama anataka kwenda, na hata angeulizwa asingekuwa na ulimi wa kujibu.

Najua wako watakaotabasamu wakisikia kwamba mtu mzima amekaa kitako kuandika juu ya mbwa na paka wanaotapika motokaani. Na watabasamu. Mimi mwenyewe nilitabasamu hivyo kwa miaka mingi, na tabasamu hilo liliniingiza katika kosa ambalo nitalisimulia hapa bila ya kulipamba. Jambo lenyewe ni dogo, lakini nyuma yake limesimama swali ambalo si dogo: tunapomtuliza mnyama aliye mikononi mwetu, twamtuliza kwa ajili ya nani?

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe, kwa maana huruma isiyo na maarifa ni kama kutoa mwiba gizani. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma yake, binadamu na mnyama wana kiungo kidogo cha mizani. Kina mifereji mitatu iliyopindika, yenye majimaji, na kando yake vifuko viwili vyenye chembe ndogo mno mfano wa changarawe. Kichwa kikigeuka, majimaji yale huchelewa kugeuka nacho. Mwili ukienda mbele au ukishuka kwa ghafula, chembe zile huvutwa. Na ubongo hupata habari. Macho nayo hupeleka habari zake, na nyayo na misuli kadhalika. Siku zote mashahidi hawa husema neno moja. Lakini mnyama aliye ndani ya sanduku, au chini ya kiti, huona ukuta uliotulia huku sikio likishuhudia kwamba anapinda, anapanda na kushuka. Ubongo hupata ushahidi unaopingana, na hukumu yake huangukia tumboni. Ndicho kigegezi, yaani kichefuchefu cha safari.

Watu wa pwani, ambao waliijua bahari kabla ya kuijua motokaa, wana neno moja, kulewa, kwa mtu aliyezidiwa na tembo na kwa mtu aliyezidiwa na mawimbi. Ni neno lililochaguliwa vema. Tofauti yao ni kwamba mlevi wa tembo alikinyanyua kikombe mwenyewe.

Si kila mnyama alewaye hutapika, na hapo ndipo macho ya watu wengi hukosea. Mbwa huanza kwa kulamba midomo na kumeza mate. Hupiga miayo ilhali hana usingizi. Hutetemeka, hutokwa na udenda, huhangaika kutafuta mahali pa kulala, kisha huacha kuhangaika. Paka hulia kwa sauti nzito isiyo ya desturi yake, au hunyamaza kabisa na kujikunja pembeni mwa kikapu, kidevu kimelowa. Farasi hawezi kutapika, umbile lake halimruhusu. Panya pia hawezi, lakini panya aliyetikiswa hata akaugua hufanya jambo la ajabu: hula udongo. Nilipolisoma jambo hilo nilikumbuka vile vipande vya udongo viuzwavyo sokoni kwa akina mama wajawazito, nikawaza kwamba huenda tumbo la panya na tumbo la binadamu si wageni sana. Basi anayesema kwamba mnyama wake haumwi kwa sababu hakutapika amesoma ukurasa mmoja wa kitabu akadhani amekimaliza.

Maarifa haya hayakupatikana bure. Mwaka 1882 William James, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliandika juu ya viziwi aliowapima kwa kuwazungusha. Wengi wao hawakuona kizunguzungu chochote, au walikiona kidogo tu. Hao walikuwa watu; waliulizwa, wakajibu. Katika miaka ya 1950 zamu ilikuwa ya mbwa. Wachunguzi waliwapembeza kwa mitambo mpaka wakatapika, kisha wakawapasua, wakawaondolea viungo vile vya sikio, wakawapembeza tena. Mbwa wale hawakutapika tena. Ndivyo ilivyothibitika kwamba mlango wa ugonjwa huu ni sikio. Simtajii msomaji habari hii ili awalaani wachunguzi. Wengi wao walitafuta kuwaponya askari na mabaharia, na sisi sote tumefaidi. Naitaja kwa sababu deni linalojulikana si sawa na deni lisilojulikana. Kama mbwa amekwisha tufundisha kwa gharama ya mwili wake, kuyapuuza mafundisho hayo wakati mbwa mwingine anatetemeka miguuni petu ni ubahili wa namna ya pekee.

Sasa nieleze kosa langu.

Tulikuwa na mbwa aliyeitwa Jasiri. Jina hilo alipewa na binti yangu siku alipoletwa nyumbani, angali mdogo wa majuma manane, kabla hatujajua kwamba angeiogopa motokaa kuliko kitu chochote duniani. Tuliishi Eldoret, na jamaa za mke wangu wako Kabarnet. Anayeijua njia hiyo hahitaji maelezo. Kutoka Eldoret mpaka Iten nchi ni ya miinuko mipole na mashamba ya mahindi. Kisha ardhi hukatika ghafula, na barabara hushuka kupitia Tambach, kona juu ya kona, mpaka bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 chini. Huvuka mto, halafu huanza kupanda tena vilima vya Tugen mpaka Kabarnet. Masikio huziba, na mikono ya dereva haipati pumziko. Nimewaona wanaume wenye ndevu wakiomba gari lisimamishwe.

Katika safari ya kwanza nilimdhulumu mbwa wangu kwa wema. Asubuhi ile nilimpa bakuli kubwa la ugali na maziwa, nikaongeza na mifupa juu yake, nikisema kwamba msafiri hatoki na njaa. Sikujua kwamba tumbo lililojaa ndilo la kwanza kuasi, na kwamba mbwa wachanga hulewa zaidi kuliko wakubwa, kwa sababu mizani yao ya sikio haijakomaa. Hatukufika Tambach. Ugali wote, na maziwa yote, vilirudi juu ya furushi la nguo ambazo binti yangu alikuwa amezitunza kwa sikukuu. Dereva wa motokaa tuliyoikodi aligeuka akasema, “Mwalimu, ungeniambia mapema kwamba nimebeba zizi.” Niliona haya, na kwa kuwa sikuweza kumkaripia dereva nilimkaripia mbwa. Yaani nilimwadhibu kwa karamu niliyomwandalia mimi.

Tangu siku hiyo Jasiri alitokwa na udenda kabla motokaa haijaondoka. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha jinsi mbwa anavyofundishika kutoa mate kwa ishara iliyozoeana na chakula. Mimi, bila ya maabara, nilikuwa nimemfundisha wangu kutoa mate kwa mlio wa funguo.

Ikaja Desemba, na safari ya pili. Sikutaka kuaibika tena mbele ya dereva. Nilikwenda kwa mtu mmoja auzaye dawa, nikamweleza shida yangu, naye akanipa vidonge viwili na kunihakikishia kwamba mbwa atalala kama gogo. Nilivisaga, nikavitia katika kipande cha nyama.

Kweli, alilala kama gogo. Hakutapika, hakulia, hakusogea. Dereva, ambaye alikuwa yule yule, alimsifu akasema kwamba sasa mbwa huyu amepata adabu. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Tulipokaribia daraja la mto Kerio binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane na alikuwa amempakata Jasiri kichwa, aliniambia, “Baba, Jasiri hajalala. Macho yako wazi, na moyo wake unakwenda mbio.”

Nilimjibu bila ya kugeuka, “Mwache. Amelewa dawa, hajui kitu.”

Akanyamaza. Baada ya kitambo akasema, “Baba, udenda umelowesha sketi yangu yote.”

Nikamwambia kwamba sketi itafuliwa.

Maneno yale mawili, hajui kitu, ndiyo yaliyonitia kuandika kurasa hizi. Niliyapata wapi? Sikumpima mbwa, sikumtazama, hata shingo sikuigeuza. Mtoto mwenye ushahidi wa macho na wa mkono alikuwa akiniambia habari, nami mwenye elimu nilikuwa nikimpa fatwa. Niliyasema kwa sababu yalinifaa. Kama mbwa hajui kitu, basi mimi sina deni, na safari yetu ni njema.

Mwezi uliofuata Jasiri alihitaji kuchanjwa, na nilipokuwa kwa daktari wa mifugo nilimsimulia habari za vidonge vile kwa majivuno kidogo. Alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiye na haraka ya kunena. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Mwalimu, ulitaka mbwa apone, au ulitaka anyamaze?”

Nilisema kwamba sikuona tofauti. Akanieleza kwamba ziko dawa za kulegeza ambazo huufunga mwili bila ya kuiondoa hofu. Mnyama hushindwa kusimama, kulia au kukimbia, lakini bado husikia mlio na kuhisi kona. Zamani dawa za namna hiyo zilitolewa kwa wingi kwa wanyama wasafirio. Siku hizi madaktari wengi huonya zisitegemewe peke yake. Tena zaweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga uwezo wa mwili kujipooza wakati wa joto, na ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hukataa kumpokea mnyama aliyeleweshwa. Akaniambia pia kwamba kidonge cha binadamu si cha kumpa mnyama kwa kukisia, hasa paka: dawa ya maumivu ambayo sisi twaimeza kila siku kwa homa, ile iitwayo parasetamoli, yaweza kumuua paka. Nilitoka pale nimefyata mkia kuliko Jasiri.

Lakini swali la daktari halikuishia kwa dawa mbovu. Linaifuata hata dawa njema. Katika miaka ya 2000 ilitokea dawa iitwayo maropitanti, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama. Huenda kwenye ile sehemu ya ubongo iamrishayo kutapika na kuifunga. Ni dawa ya manufaa sana, na mbwa wengi wameokolewa nayo. Hata hivyo wachunguzi wameona kwamba huzuia kutapika vizuri zaidi kuliko inavyoondoa kichefuchefu chenyewe. Tazama basi jinsi jambo lilivyo la hila. Matapishi ni adha yetu sisi, tunaofua nguo na kusugua viti. Kichefuchefu ni adha yake yeye. Dawa moja yaweza kuitibu adha yetu kikamilifu na kuiacha yake nusu, nasi tukarudi nyumbani tukishukuru kwamba mgonjwa amepona.

Sisemi kwamba adha yetu si kitu. Dereva ana haki ya motokaa safi. Paka aliyetoka kikapuni kwa kiherehere akaingia chini ya kanyagio la breki aweza kuwaua watu wote waliomo, na kumfungia katika kikapu imara ni wajibu, hata akilalamika. Utulivu wa mnyama una thamani yake. Ninachokataa ni kuubatiza utulivu jina la afya.

Wako wenye hekima waliojaribu kutupunguzia mzigo huu. Katika karne ya 17 Descartes wa Ufaransa alifundisha kwamba wanyama ni mfano wa mitambo, na baadhi ya wafuasi wake walisema kwamba mlio wa mbwa aumiaye si zaidi ya mlio wa saa iliyogongwa. Mwaka 1789 Jeremy Bentham wa Uingereza aliligeuza swali: hakuona haja ya kuuliza kama mnyama aweza kufikiri au kusema, bali kama aweza kuteseka. Wahenga wetu walikuwa wamekwisha kusema kwa ufupi zaidi kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtu aweza kuitumia methali hiyo kujitoa: ikiwa maumivu huyajua mwenyewe tu, mimi wa nje nitawajibikaje? Mimi naiona kwa upande wa pili. Ikiwa siwezi kuingia ndani ya ngozi ya mbwa, basi sina ruhusa ya kutoa ushahidi kwa niaba yake, na hasa ushahidi unaonifaidi. Mahakamani shahidi mwenye faida katika kesi husikilizwa kwa tahadhari. Mwenye mnyama ni shahidi wa namna hiyo kila siku, tena ndiye hakimu, tena ndiye anayeshika usukani.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi mmoja, na aliuliza kwa uchungu, kama si aibu kuhangaikia tumbo la mbwa hali watoto wa watu hutapika katika matatu na mama zao hutukanwa na abiria. Swali hilo lina haki kubwa. Nimemwona mama mmoja, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, akishushwa njiani kama mhalifu kwa sababu mtoto alichafua kiti. Lakini nilipomtazama vema yule kondakta aliyemshusha, sikuona kwamba huruma yake ilikuwa imekwisha kutumika kwa mbwa. Haikuwa imetumika popote. Huruma si maji ya mtungi, ukimtekea huyu yule akakosa. Na tena maarifa ni yale yale: tumbo lisijazwe, hewa iingie, macho yapate upeo wa mbali, mwendo uwe wa taratibu, na mtu asitukanwe kwa kuugua. Aliyejifunza kuyatenda hayo kwa mbwa hawezi kudai kwamba hayajui mtoto anapougua.

Kuna swali jingine ambalo mwanafunzi yule hakuliuliza, nalo hunisumbua zaidi. Barabara ile ile ya Kerio hupitisha mbuzi waliofungwa miguu juu ya paa la gari, na kuku walioning'inizwa vichwa chini. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, humhesabu kuwa na kosa yeyote amchukuaye mnyama kwa namna imtiayo mateso yasiyo ya lazima, wala haikubagua kati ya mbwa mwenye jina na mbuzi asiye na jina. Mimi nimemlipa daktari kwa ajili ya Jasiri, na jioni yake nikala nyama ya mbuzi ambaye sikuuliza alisafirije. Sina jibu la kujitetea. Nalisema tu ili msomaji asidhani kwamba anayeandika amefika.

Iko pia dawa moja isiyouzwa popote, ambayo watu huisahau, nayo ni kutosafiri. Kabla ya kuuliza jinsi ya kumtuliza mnyama njiani, yafaa kuuliza kama njia hiyo ni yake. Tarehe 3 Novemba 1957 Warusi walimrusha angani mbwa aitwaye Laika, ambaye waliomzoeza walimpenda kwa upole wake. Chombo chake hakikuwa na namna ya kumrudisha, na mwaka 2002 ilitangazwa kwamba alikufa kwa joto saa chache tu baada ya kuondoka. Oleg Gazenko, mmoja wa wataalamu waliomtayarisha, alikiri mwaka 1998 kwamba alijuta, na kwamba hawakujifunza ya kutosha kuhalalisha kifo kile. Safari zetu si za angani. Lakini mara ngapi tumemchukua paka kwenye arusi ya siku mbili kwa sababu tu tulitaka kuonekana tunaye, hali jirani mwema angemwekea maji na chakula, naye akalala katika jua lake alilolizoea? Paka hasa hupenda mahali kuliko tunavyopenda kukubali.

Hata hivyo Jasiri hakuweza kuachwa daima. Likizo za shule ni ndefu, na jirani yetu aliyekuwa akimtunza alihama. Kwa hiyo tulianza upya.

Wakati huo nilikuwa nimenunua motokaa kuukuu ya kwangu, na kwa majuma matatu ilikuwa darasa. Siku za kwanza Jasiri aliingia ndani ya motokaa iliyozimwa, akapewa kipande cha nyama, akatoka. Halafu motokaa ikawashwa isiondoke. Halafu tukaenda mpaka kona ya njia na kurudi. Halafu mpaka soko. Siku aliyotokwa na udenda tulirudi nyuma hatua moja. Majirani walituona tumekaa familia nzima ndani ya motokaa isiyokwenda popote, na sina shaka walipata la kuzungumza. Nilijifunza pia kwamba mguu wangu mwenyewe ulikuwa sehemu ya ugonjwa. Nilikuwa na tabia ya kukanyaga breki kwa ghafula na kuingia konani kwa kasi, na hakuna kidonge kiwezacho kumtibu mbwa ambaye bwana wake anaendesha hivyo.

Siku ya safari hakupewa chakula tangu jioni iliyotangulia, ila maji kidogo kidogo. Daktari alituagiza tumpe chakula cha mwisho saa 8 kabla ya kuondoka, na dawa saa 2 kabla. Akasisitiza kwamba angekuwa mtoto mdogo wa mbwa asingeshindishwa na njaa muda mrefu hivyo. Tuliondoka alfajiri, kabla ya jua. Motokaa iliyofungwa juani huwa tanuri: kwa dakika 10 tu joto la ndani laweza kupanda digrii 10, na mbwa, ambaye hujipooza kwa kuhema, hana namna ya kujiokoa. Vioo vya pande zote mbili viliteremshwa kidogo. Alifungwa kwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni, akalazwa juu ya mkeka wake wa nyumbani wenye harufu yake, mahali ambapo angeweza kuona mbele. Mdomo wake haukufungwa na kitu. Mnyama atapikaye hali amefungwa mdomo aweza kupaliwa akafa. Na binti yangu alipewa kazi moja tu: kumtazama, na kusema anachokiona. Nilimwahidi kwamba mara hii nitasikia.

Iten tulisimama kabla ya mteremko, Jasiri akatembea, akanusa nyasi, akanywa maji. Tulipokuwa tumeshuka kona kama sita hivi sauti ikatoka nyuma: “Baba, ameanza kulamba midomo.”

Lazima nikiri kwamba neno la kwanza lililonijia kinywani lilikuwa “bado kidogo tu.” Shemeji yangu alikuwa akitungoja na watu wake, na saa ilikuwa imesonga. Mbwa hakuwa ametapika. Viti vilikuwa safi. Kwa hesabu yangu ya zamani, hapakuwa na tatizo lolote. Nilienda kona moja zaidi, kisha nikaona mahali pana kando ya barabara, nikaegesha.

Jasiri aliteremka akalala kifudifudi juu ya nyasi, miguu ameitandaza, kama mtu anayeishika ardhi isimtoroke. Tulikaa. Matatu ikapita, na abiria wakatupigia mbinja. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi wake mteremkoni alikuja akauliza kama gari limeharibika. Binti yangu akamjibu, “Hapana, mzee. Tunamngoja mbwa.”

Mzee alimtazama Jasiri kwa muda, akatutazama na sisi, akacheka, kisha akaketi juu ya jiwe naye akangoja. Aliuliza mbwa amekula nini. Tukamwambia hajala. Akasema ni vizuri, kwamba yeye pia hali kitu akipanda gari la Eldoret, na kwamba hukaa mbele, dirishani, na mtu asimwambie habari za siasa mpaka wafike Iten.

Baada ya kama nusu saa Jasiri aliinuka mwenyewe, akajikung'uta, akaenda kumnusa mbuzi mmoja, akafukuzwa. Tulimpa maji, tukaagana na mzee. Njiani tulisimama mara mbili zaidi. Alitapika mara moja, povu jeupe kidogo, tulipokuwa tukipanda upande wa pili, na hakuna aliyemkaripia. Tulifika Kabarnet tumechelewa kwa zaidi ya saa moja. Shemeji yangu alikuwa amenuna, na mchuzi ulikuwa umepoa. Jasiri alizunguka nyumba mara mbili, akachagua kivuli chini ya mparachichi, akalala. Na jua lilipokuwa linatua alikuja jikoni kuomba chakula.